Chumvi ya Mezani kwa Elina

Tunduma watu wana midomo. Ukipiga chafya stendi, ukifika mpakani unakuta wameshaanza kuchanga hela ya sanda. Lakini mji huohuo, wenye masikio mapana kama ungo, ulikula chumvi ya Elina miaka miwili mizima, asubuhi na mchana, na hakuna aliyejua. Wajanja wote wa mpakani, madalali, wabadilisha kwacha, watu wanaomuuzia mtu ng'ombe wake mwenyewe, wote waliingizwa mjini na mwanamke mmoja mfupi wa Isansa aliyeishia darasa la tano.

Elina alikuwa mama ntilie. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na foleni yenyewe ilikuwa ndefu kiasi kwamba dereva aliweza kufika hana ndevu akavuka anazo. Ugali, maharage, dagaa wa kapenta, Jumamosi nyama. Mume wake, Efraimu, Mnamwanga wa Ndalambo, alikuwa utingo wa lori. Mwaka tisini na tisa lori likapinduka upande wa pili huko, Efraimu akarudishwa kwenye turubai, akazikwa kwao. Mtoto hawakujaliwa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwa kina Efraimu ilikuwa mjane anakaa na kivuli cha marehemu mpaka atakaswe. Na kutakaswa si kunyunyiziwa maji. Ni kulala na ndugu wa marehemu. Asipotakaswa, kivuli kinamfuata mpaka jikoni, na kitu ambacho haruhusiwi kabisa ni kutia chumvi kwenye chungu cha watu. Akitia, wanaokula wanaanza kukohoa, wanakonda, mwisho wanamfuata marehemu mmoja mmoja kama wanaitwa majina.

Ndugu aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa Nikodemo, kaka wa marehemu, mwenye mke na watoto saba, na koti moja la kahawia alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuja kutoka Ndalambo kwa baiskeli, kuku kamfunga kwenye keria.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kukufungua."

"Kwani nimefungwa wapi, shemeji?"

"Usinifanyie utani. Ukoo umekaa. Usiku mmoja tu, asubuhi unaoga, unakuwa mtu. Kuku huyu hapa wa kula."

Elina akamtazama kuku, akamtazama Nikodemo. "Kuku mzuri," alisema. "Mrudishe kwa mke wako."

Nikodemo akapanda baiskeli, akarudi na kuku wake. Baada ya miezi miwili akaja tena, kuku yuleyule. Akakataliwa, wakarudi. Kuku yule alienda Tunduma na kurudi mara nyingi kiasi kwamba, walisema wenye midomo, wakifika njia panda alikuwa anageuza shingo mwenyewe.

Kucheka tucheke, lakini Nikodemo hakuondoka bure. Kila alipokataliwa alipita kwa majirani, kanisani, kwa wapagazi wa mpakani, akasema polepole kama mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Yule hajatakaswa. Mnakula mikononi mwake? Haya." Hilo "haya" lilimaliza kibanda. Wiki moja tu, benchi zikabaki na nzi. Wanawake walioimba naye kwaya wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hata mtoto wa kike wa kumtilia chumvi, maana mtoto mdogo anaruhusiwa, hakuna aliyekubali kumwazima.

Elina akalala na hilo siku tatu. Ya nne akanunua bakuli la bati la bluu, akalijaza chumvi, akaliweka katikati ya meza. Akasimama barabarani, mikono kiunoni, akapaza sauti kama kondakta:

"Njooni mle! Chumvi sitii mimi! Kila mtu na mkono wake!"

Watu wakakodoa macho. Wakaja Wazambia kwanza, wenyewe wana njaa ya foleni, wanaita tu, "Bamayo, leteni nshima!" yaani mama, leta ugali. Halafu akaja Jilala, Msukuma mchunga ng'ombe wa bonde la Momba, mtu mrefu kama nguzo ya simu, anayekula ugali wa watu watatu na kuuliza chakula kinaletwa saa ngapi. Halafu wakaja wenyeji. Bakuli la bluu likawa mchezo. Watu wakasema chumvi ya kujitilia ina raha yake. Mwezi wa pili benchi hazikutosha, Elina akaongeza la tatu.

Na hapo kwenye benchi la tatu ndipo alipokaa Clement.

Clement alikuwa mtafsiri wa banda la video la mzee Makene, ng'ambo ya barabara. Nyie mnaotazama sinema kwenye simu mmelala kitandani hamjui raha ilikuwa nini. Mnakaa kwenye mbao, watu mia mahali pa arobaini, televisheni iko juu ya meza kama altare, na pembeni Clement na maiki yake. Sauti ya kanda inashushwa, Clement anawasemea wote: steringi, adui, mama mkwe, polisi, hata farasi. Alidai Kihindi alikisoma Mbeya kwa Mhindi, miaka minne. Alipoongea sauti ya kike, wanaume wenye ndevu walijifuta macho kwa kofia.

Alianza kwa kula, akaendelea kwa kuongea, na Elina, ambaye tangu msiba hakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua inanyesha, akaanza kumwambia mambo. Alimwambia kuhusu Nikodemo. Siku moja, huku anachambua maharage, alimwambia kwa hasira, "Wananiona mimi kama sufuria la kuazimana, Clement. Wa kwanza kafa, haya mpe wa pili apikie."

"Pole dada," Clement alisema, akaacha kutafuna. "Pole sana. Sasa njoo Jumapili bandani. Kuna kanda mpya ya mama mmoja, wewe kabisa."

"Mimi na sinema wapi na wapi?"

"Njoo. Huyo mama ni mjane. Kijiji kizima kimemkataa, hata kisimani hachoti. Lakini yule mama, dada! Yule mama ni moto."

Elina akaenda. Akakaa mbele, benchi la wanawake. Akamwona yule mama wa Kihindi, mwembamba, sari nyeupe, wanawake wanavuta watoto wao akipita. Mkwe wake kamtupia vyombo nje. Kisha yule mama akasimama kisimani mbele ya wazee wote, macho makavu, akafungua mdomo, na kwenye spika ikatoka sauti: "Mimi si sufuria la kuazimana! Wa kwanza kafa, mnataka nimpikie wa pili?"

Banda zima likapiga mbao kwa miguu. Elina yeye alishika kifua. Kumbe hata India! Kumbe kuna mwanamke huko mbali, hajui Isansa wala Ndalambo, na maumivu yake yana maneno yaleyale! Alilia akitembea kurudi nyumbani, lakini kilio cha mtu aliyeshiba.

Akairudia kanda ile Jumapili saba. Kila Jumapili yule mama alisema jambo jipya, mara kwamba machozi hayachoti maji kisimani, mara lingine, na kila jambo lilimkaa Elina mwilini kama nguo iliyopimwa na fundi. Nikodemo alipokuja tena na kuku, Elina alimsimamia mlangoni, akanyoosha shingo vilevile kama yule mama, akamwambia mbele za watu: "Shemeji, mimi si sufuria la kuazimana." Wapagazi wakapiga makofi. Nikodemo akafunga koti vifungo vyote.

"Umejifunza wapi maneno hayo?" aliuliza.

"Kuna mwenzangu kanifundisha," Elina alisema. Na kweli moyoni aliamini ana mwenzake.

Sasa tuje kwenye siri, maana siri ndiyo iliyoharibu mambo.

Maharage yaliyopikwa bila chumvi hata ukiyamwagia bakuli zima juu yanabaki yamezubaa. Chumvi inakaa nje, ndani ni maji. Wiki ya kwanza ya bakuli la bluu wateja walianza kununa, na Elina alijua wakinuna mwezi mmoja wataondoka, na akikosa kibanda hana pa kukaa ila Ndalambo, nyumba ya Nikodemo. Kwa hiyo alfajiri moja akafunga mlango, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akasimama juu ya chungu. Akasema, "Efraimu, kama upo, zuia mkono wangu." Mkono haukuzuiwa. Akatia. Siku nzima alitazama vifua vya watu. Hakuna aliyekohoa. Siku ya pili akatia tena. Toka hapo kila alfajiri alitia chumvi nusu kwa mkono wake, na nusu nyingine watu wakajitilia mezani kwa madaha.

Aliyemgundua ni Clement. Ilikuwa Ijumaa ya mvua, kibanda kitupu, yeye peke yake na sahani.

"Dada Elina," alisema, anatafuna polepole. "Leo bakuli sijaligusa."

"Basi jitilie."

"Sasa nijitilie nini? Maharage yamekolea."

Elina aliganda na mwiko mkononi. Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya mji mzima, mtu mmoja angemshinda nini? Lakini siri ya namna hiyo ni mzigo, na huyu alikuwa Clement, aliyemletea yule mama. Akakaa kwenye benchi mkabala naye, akamwambia yote.

Clement aliweka kijiko chini. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada! Mji mzima! Na wazee wa kanisa?"

"Na wazee wa kanisa."

"Yesu wangu!"

"Clement, nisikilize. Hili likitoka hapa, mimi nimekwisha. Nitarudishwa Ndalambo kama mbuzi."

"Dada, mimi kaburi."

"Kaburi lako lina spika mbili," Elina alisema, lakini alitabasamu. Alimwamini. Hiyo ndiyo ilikuja kumuuma kuliko yote, kwamba alifanya mzaha na hatari akiiona mbele ya macho.

Miezi ikapita. Mwaka elfu mbili na mbili jamaa mmoja akafungua banda lingine karibu na soko, televisheni kubwa, viti vya plastiki vyenye mgongo. Watu wakahama kama nyuki. Mzee Makene akamwambia Clement: watu wasiporudi, maiki naweka kwenye gunia. Clement, ambaye bila maiki ni mtu wa kawaida mwenye masikio makubwa, akatangaza mji mzima kwamba Jumapili ile kanda ya mjane inarudi, na safari hii ina vipande ambavyo hawajaviona.

Jumapili saa tisa banda likajaa. Elina yuko mbele, kitenge kipya. Na nyuma kabisa, kwenye ukuta, koti la kahawia: Nikodemo alikuwa amefika mjini siku hiyo na kuku wake, akasikia shemeji yuko sinema, akaingia kumsubiri humohumo.

Kanda ikaanza. Nusu ya kwanza ikaenda vizuri, lakini watu walikuwa wameshaiona. Mmoja akapiga miayo kwa makusudi, yenye sauti. Mwingine akasema, "Clement, si ulisema vipande vipya? Tunaenda sokoni!" Watatu wakasimama. Clement akaanza kutoka jasho. Akatupia mzaha mmoja, ukaanguka chini. Akatupia wa pili, hata watoto hawakucheka. Wengine wanne wakasimama.

Kwenye televisheni, yule mama alikuwa jikoni, anapakulia wazee wa kijiji waliokuja kumhukumu. Anapakua kimya, kichwa kimeinama. Na Clement, mtu wa watu, akavuta maiki mdomoni akasema kwa ile sauti ya kike:

"Kuleni, wazee wangu, kuleni! Mnajitilia chumvi mezani, mnajiona wajanja? Miaka miwili chumvi natia mimi, kwa mkono huuhuu, alfajiri, mlango nimefunga!"

Banda likalipuka. Waliosimama wakakaa. Watu wakapigana mabega kwa kicheko, na Clement, masikini wa Mungu, akafurahi, akaongeza: "Na hakuna aliyekohoa!"

Elina alikuwa anatazama mdomo wa yule mama. Ulikuwa umefungwa. Mdomo umefungwa, maneno yanatoka.

Kicheko kikaanza kufa toka upande mmoja, kama moto unaomwagiwa maji taratibu. Mtu mmoja alisema, "Chumvi mezani?" Mwingine akasema, "Bakuli la bluu." Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea benchi la mbele. Clement akaviona vikigeuka, ndipo akajua alichofanya. Maiki ikamteleza, ikapiga meza: du!

Nikodemo akasimama nyuma. Hakupaza sauti, hakuhitaji.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Haya."

Elina akainuka. Akapita katikati ya magoti ya watu, na magoti yakajivuta yasimguse. Clement alinong'ona, "Dada..." Elina hakugeuka.

Usiku huo hakulala wala hakulia. Alichowaza si Nikodemo. Nikodemo ni adui anayemjua, na adui anayejulikana ni kama mvua ya masika, unajipanga. Aliwaza mdomo uliofungwa. Sufuria la kuazimana. Nani alilisema kwanza? Aliyarudia yote, Jumapili moja baada ya nyingine, na kila neno alilobeba kutoka India alikuta kumbe lilitoka benchi la tatu, siku fulani, anachambua maharage, Clement anatafuna. Hakukuwa na mwenzake. Alikuwa ameuziwa mdomo wake mwenyewe, na kiingilio alilipa.

Asubuhi akapika kama kawaida. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamejazana, wamekunja mikono. Nikodemo katikati yao, kuku kwapani, anawaambia kila mtu akumbuke alianza kukohoa lini. Mtu mmoja akakohoa kwa vumbi la lori, wenzake wakamkimbia.

Elina akatoka na chungu kizima cha maharage, akakiweka chini, nje, mbele ya macho yote. Akaenda mezani akachukua bakuli la bluu. Safari hii hakumwiga mtu shingo. Akachota chumvi kwa vidole vitatu, akanyanyua mkono juu kila mtu aone, akatia. Akachota tena, akatia. Akakoroga.

"Kuanzia leo chumvi natia mimi," alisema. "Bakuli nalitoa. Anayeogopa, asile."

Watu wakasukumana viwiko, kila mmoja akimtaka mwenzake atangulie.

Kisha Jilala akavuka barabara na fimbo yake. Akakaa. Benchi likalia.

"Mama, leta."

"Jilala!" Nikodemo aliita. "Hujasikia? Miaka miwili umekula chumvi ya mjane!"

Jilala akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa muda mrefu. "Miaka miwili," alisema, "nimekula hapa kila mnada. Hata kuharisha sijaharisha. Nikila kwangu naharisha." Akapokea sahani, akaonja. "Mama, na leo imekolea zaidi. Kwa nini ulikuwa unatubania?"

Mzambia mmoja akacheka, akavuka. Akavuka na mwenzake. Wapagazi wawili wakaja wakiangalia pembeni kama wezi. Nikodemo alisubiri mpaka saa sita kuona nani ataanguka. Hakuna aliyeanguka isipokuwa mlevi mmoja, na yule huanguka kila siku. Akapanda baiskeli. Safari hiyo hakurudi tena, na kuku, walisema, aliishia kutaga mayai huko Ndalambo na kuitwa bibi.

Msidhani sasa mji mzima ulimkumbatia. Nusu ya wateja walipotea moja kwa moja. Wanawake wa kwaya hawakurudi mpaka leo, na wapo waliokuwa wakipita wanaziba pua. Benchi la tatu lilikaa tupu miaka. Elina alisimama, ndiyo, lakini alisimama peke yake.

Siku ya tatu Clement akaja. Akakaa kwenye benchi lake, masikio yamelegea.

"Dada Elina," alisema, "nimekosa. Ulimi umeniponyoka. Lakini si unaona imekuwa heri? Sasa wewe ndiye steringi!"

Elina alikuwa anapangusa meza. "Nikuulize kitu. Lile la sufuria, yule mama alilisema?"

Clement akatazama mikono yake.

"Na lile la kwamba machozi hayachoti maji kisimani?"

"Dada, Kihindi... Kwa Mhindi nilikaa miezi mitatu. Najua cha kuuza sukari."

"Basi yule mama alikuwa anasema nini?"

"Sijui, dada. Mungu anisamehe, sijui."

Elina akaingia ndani. Akachukua kisufuria kidogo kilichokuwa pembeni ya jiko, akapakua maharage na ugali, akamwekea. Clement akafurahi, akajua yameisha. Akala kijiko cha kwanza. Akasimamisha taya.

"Dada, haya hayana chumvi."

"Hayana."

"Naomba basi bakuli."

"Bakuli la mezani hapa hakuna tena," Elina alisema, akaenda kumhudumia Jilala.

Clement alikula yote. Kesho yake akarudi, akapewa ya kisufuria. Keshokutwa vilevile. Watu wakaanza kumcheka, akavumilia. Alijiambia kwamba siku dada atakapotia chumvi, siku hiyo amesamehewa, na mtu wa namna yake akishajiambia hadithi huwa anaiamini.

Elina hakukanyaga bandani tena. Jumapili, sauti ya Clement ilivuka barabara, sauti ya kike, analia, anatukana, anagoma, na Elina akiisikia alikuwa anasukuma kuni ndani. Baadaye zikaja deki za majumbani, zikaja kanda zilizotafsiriwa tayari, zikaja simu. Banda la mzee Makene likageuka duka la vipuri. Maiki iliingia kwenye gunia kweli. Clement akawa mpagazi, ndevu zikaingia mvi.

Lakini mchana ukipita pale foleni ilipo utamwona. Anakaa benchi la tatu, mwisho. Elina anamwekea sahani ya kisufuria bila neno. Anachota kijiko cha kwanza, anakiingiza mdomoni, anafumba macho, anatafuna polepole kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Halafu anafumbua macho, anamaliza sahani, anasema, "Asante, dada."

Elina anaokota sahani. Anaiosha peke yake, mbali na za wengine.